Lowell Zabriskie, Aliyeupa Mwezi Sauti

Ijumaa, tarehe 29 Juni 1984, Bwana Lowell Zabriskie, fundi wetu wa sauti, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Alianza hapa Manhattan akiwa na nywele. Anaondoka na ushahidi wa picha tu.

Wafanyakazi wa siku hizi hawaijui tabu ya ile michezo ya kuigiza ya zamani ya televisheni, ya safari za anga. Kila Ijumaa jioni kisa kipya, waigizaji wapya, sayari mpya, na vyote vikirushwa moja kwa moja. Ukikosea, umekosea mbele ya Marekani nzima. Mtu alikuwa anakufa kwenye sayari ya Zuhura upande huu wa studio, anatambaa chini ya kamera huku akivua shati, kisha anaibuka upande wa pili akiwa rais, kafunga tai.

Sauti zote za michezo hiyo zilimtegemea Lowell. Mlango wa chombo cha anga ulikuwa kopo la kahawa likifunguliwa mbele ya maikrofoni. Dhoruba ya Mirihi ilikuwa mchele uliomiminwa kwenye sinia. Lile dude la Zuhura lililowaliza watoto wa watu lilikuwa Lowell mwenyewe, akisukutua maji ya chumvi.

Machi 1952 alikuja Ardith Nyquist, mwigizaji mgeni kutoka Minnesota. Alicheza mwanamke aliyebaki peke yake mwezini, akingoja redio ilie. Kuiliza redio hiyo ilikuwa kazi ya Lowell, na kazi yenyewe ilikuwa kubonyeza kitufe kimoja. Basi, Lowell akamkodolea macho binti wa watu, kitufe akakisahau kabisa. Zilipita sekunde kumi na moja za kimya. Mwongozaji, Bwana Teitel, alimwambia baadaye kwamba hata nyani angeweza kubonyeza, naye Lowell hakubisha. Ajabu ni kwamba barua za watazamaji zilikisifu kile kimya kuliko kitu kingine chochote. Mwaka uliofuata Lowell na Ardith wakaoana.

Enzi hizo kila mchezo ulipokuwa hewani, kamera nyingine ilipiga filamu ya kile kilichoonekana kwenye kioo cha televisheni, ili vituo vya magharibi mwa nchi vikapate kuuonyesha baadaye. Mwaka 1958 ghala la filamu hizo lilifurika, ikaja amri zitupwe. Lowell alijitolea kupakia lori, tena akipiga mluzi. Nilipomuuliza aliwezaje, na filamu ya Ardith imo humo, alinijibu bila kunitazama:

"Nilikuwa na haraka ya kwenda kula, Noreen. Ardith alikuwa kapika. Filamu yake ya nini, na mwenyewe yupo?"

Ardith alifariki majira ya baridi ya 1963. Hawakujaliwa watoto. Picha zake zipo nyingi ukutani kwake, lakini Lowell anasema picha haigeuzi shingo. Kwa miaka ishirini na moja amekuwa na hamu ya kumwona akitembea, walau mara moja tu. Aliandikia vituo vya Spokane, Boise na Fresno, na kote alijibiwa kwamba hawana kitu. Kisha mwaka 1979 yakapatikana makopo mia tisa ya filamu yasiyo na lebo katika ghala letu la New Jersey, yakaletwa kwangu, maana mimi ndiye mtunza ghala la filamu la hapa chini ya jengo. Tangu siku hiyo Lowell hali chakula cha mchana na wenzake. Hushuka na mkate wake, akafungua kopo, akaitazama filamu mpaka mwisho, akalifunga.

Yamebaki makopo mia mbili na kumi na mawili. Kanuni za kampuni hazimruhusu mtu wa nje kuingia ghalani, na kuanzia Jumamosi Lowell ni mtu wa nje. Tuliomba, tukanyimwa. Iliniuma, na naiandika hapa ili waliotunyima waisome.

Jumanne alinikabidhi ufunguo wa ghala na daftari lake la makopo aliyokwisha kuyatazama, ili niendelee kumtafutia. Nilimwambia ukweli kwamba filamu zimefifia, majina hayamo, na wanawake wa mwezini enzi hizo walikuwa wengi mno. Nitamjuaje Ardith? Alifuta miwani yake, kisha akaifuta tena.

"Mtafute anayeacha kuitazama redio," alisema, "akageukia pembeni, kushoto, akatazama muda mrefu pasipo na mtu. Hapo ndipo nilipokuwa nimesimama."

Bwana Zabriskie, asante kwa kila radi, kila roketi na kila mlango. Jumatatu saa sita mchana naanza na kopo la kwanza kati ya yaliyobaki. Sisi sote tunakuombea afya na mapumziko matamu, na tafadhali, usikae mbali na simu.