Nyuzi Nyekundu za Masjala

Jumatatu, tarehe nne Machi. Manyunyu tangu alfajiri, jua halijaonekana.

MZEE: Haloo? Ni nani?

KARANI: Haloo, shikamoo. Naongea na mzee wa masjala? Yule wa zamani?

MZEE: Marahaba. Wa zamani! Hata mwezi sijamaliza nyumbani.

KARANI: Samahani. Mimi ndiye karani mpya wa hapa hospitali. Nimekaa kwenye kiti chako.

MZEE: Kile cha mguu mmoja mfupi. Kimekukaa vizuri?

KARANI: Mzee, sikupiga kwa utani. Kuna mama anaingia chumba cha upasuaji saa nne. Muuguzi kasimama hapa mlangoni anataka faili lake, na mimi silioni. Saa tatu na nusu hii.

MZEE: Si niliambiwa analetwa mtu mwenye cheti? Kitume hicho cheti kikatafute.

KARANI: Kitafute kwenye jaa? Maana ndicho ulichoniachia, jaa! Mafaili sakafuni, mafaili juu ya kabati, mafaili chini ya sinki. Nafungua droo, panya kazaa. Siku ya kwanza nimekalia ndoo, kiti kimebebeshwa makaratasi mpaka—

MZEE: Kiti ni cha wajawazito.

KARANI: Nini?

MZEE: Kwenye kiti, wajawazito. Chini ya sinki, waliofariki, wapumzike. Dirishani, wanaosubiri kupasuliwa. Angalia dirishani, umwache mtu mzima anywe chai yake.

KARANI: Dirishani hakuna kitu. Nimesafisha.

MZEE: [mkwaruzo] ...umefanya nini? Mtandao unakata.

KARANI: Nimesafisha! Jumamosi na Jumapili nimeshinda humu, vumbi mpaka kooni. Yote yako kabatini kwa herufi, A mpaka Z. Sakafu inaonekana. Mkubwa wa hospitali kapita asubuhi hii, kasema sasa—

MZEE: Sasa ni ofisi.

KARANI: Ndiyo. Maneno hayohayo.

MZEE: Miaka ishirini na sita hakuwahi kuvuka kizingiti hicho. Kaja kuisifu sakafu. Umemtafuta kwa jina gani huyo mama?

KARANI: La mume. Ndilo liko kwenye kadi.

MZEE: Tafuta la baba yake. Faili alifunguliwa akiwa msichana.

KARANI: Ngoja... ngoja kidogo... hili hapa! Mungu mkubwa! Haya, asante, mzee, kwaheri—

MZEE: Usikate! Lina uzi?

KARANI: Uzi gani?

MZEE: Mwekundu. Umezungushwa kwenye jalada.

KARANI: Aa, ule uchafu? Nimeukata. Nimekata yote, mafaili yalikuwa hayaingii kabatini.

MZEE: Yote?

KARANI: Yote, mzee.

MZEE: Umekata nyuzi zangu.

KARANI: Mzee, ni nyuzi tu! Zilikuwa—

MZEE: Fungua faili. Nenda nyuma, kwenye karatasi ya njano.

KARANI: Muuguzi ananisubiri—

MZEE: Naye asikie. Soma!

KARANI: “Mgonjwa alipochomwa dawa ya usingizi... moyo ulisimama. Dawa hii... asipewe tena kamwe.”

MZEE: Ukurasa wa ngapi huo?

KARANI: Thelathini na moja.

MZEE: Daktari mwenye watu kumi mlangoni atafika wa thelathini na moja?

KARANI: Sasa kwa nini hukuandika juu ya jalada? Mtu mzima na akili zako, unafunga vijiuzi kama—

MZEE: Kwa sababu sikujua kuandika! [mkwaruzo] Umesikia, au nirudie na huyo muuguzi acheke? Nilikuwa nasukuma machela, wakanihamishia masjala nibebe mafaili. Shule ya jioni nimeanza nina miaka arobaini na mitatu, nakaa dawati moja na watu wa umri wa mwanangu. Kabla ya hapo muuguzi ananisomea, mimi nafunga uzi. Na kila uzi nilifunga nikimwombea mwenyewe. Hapo hospitali daktari akiona uzi, anauliza. Asipouona, haulizi.

KARANI: Mimi sikuambiwa.

MZEE: Hukuuliza. Namba yangu iko nyuma ya mlango, herufi kubwa kama za mtoto. Umeiona leo tu?

KARANI: Leo tu.

MZEE: Mafaili mangapi yametoka asubuhi hii?

KARANI: Manne. Yako wodini.

MZEE: Yalikuwa na uzi?

KARANI: Sijui.

MZEE: Binti!

KARANI: Sijui, baba! Nilikuwa nakata tu, sikuangalia ya nani.

MZEE: Ee Mola.

KARANI: Nisikilize. Nayafuata sasa hivi kimyakimya, nachungulia yote manne, uzi ninao kwenye begi, nafunga upya. Hakuna atakayejua. Niko kwenye majaribio, baba, miezi mitatu. Mkubwa akisikia, leo hii narudi nyumbani.

MZEE: Kimyakimya? Na ukikuta moja liko tayari kwa daktari, utalichunguliaje? Utaingia chumba cha upasuaji unanyata?

KARANI: Sasa nifanyeje?

MZEE: Nyuzi zilikuwa sitini na tatu. Wenyewe wote nawajua. Navaa viatu, nakuja, na siji kwa ajili yako. Lakini kabla sijafika kuna wanne. Nani mwingine yupo hapo?

KARANI: Muuguzi. Na mtoto wa kiume wa yule mama, kakaa kwenye benchi.

MZEE: Weka simu sauti kubwa.

KARANI: Baba, tafadhali—

MZEE: Sauti kubwa, nimesema!

KARANI: Salio linaisha, hii itakatika—

MZEE: Basi sema haraka, ikatike ukiwa umeshasema.

KARANI: [mkwaruzo] Dada muuguzi. Na wewe kaka, simama kidogo. Haya mafaili yalikuwa na alama za kuwalinda wagonjwa, na aliyeziondoa ni mimi, si mtu mwingine. Mama yako hataguswa kabla daktari hajasoma karatasi ya njano. Nampelekea mwenyewe, sasa hivi, na ya wale wanne nitamwambia hukohuko, mbele ya yeyote atakayekuwepo. Mkubwa naye nitamwambia kwa mdomo wangu. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu.