Kiti cha Pili cha Dada Yetu

Marehemu dada yetu, mkunga ambaye kliniki nzima ilimwita Mama Kiti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, kifungua mimba wa fundi viatu. Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1980 akahitimu ukunga. Alikuwa mbishi, mwenyewe hakukataa.

Tarehe 8 Desemba 1984 aliolewa na fundi saa, mtu mpole aliyezoea kusema kuwa saa zote humtii, mke ndiye hapangiki. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 1991 alimpima binti wa miaka kumi na sita, mimba ya miezi saba. Presha nzuri, moyo wa mtoto unadunda vizuri. Akaandika kwenye kadi "Hali nzuri", akamruhusu. Wiki ile ile binti alijitoa uhai. Dada alituambia, "Nilimuuliza ya mtoto tu. Yeye mwenyewe sikumuuliza." Hakujisamehe mpaka mwisho.

Tangu hapo aliweka kiti cha pili chumbani kwake kliniki. Binti akija, kupima tumbo kulisubiri. Mlango ulifungwa, wakakaa, akamuuliza: "Na wewe mwenyewe, mwanangu, unaendeleaje?" Wengine walilia tu, naye akawangoja. Foleni ikinung'unika, alichungulia nje: "Mwenye haraka ajizalishe!" Mama mmoja alimfukuza bintiye mjamzito akidai maji yakimwagika hayazoleki. Dada akamfuata hadi nyumbani pamoja na binti. "Kamwagika nani? Si huyu hapa kasimama?" Binti akarudishwa ndani.

Januari 2023 aligundulika ana saratani ya ini. Tulimzunguka: umemeza dawa? Maumivu yamepungua? Wote alitujibu, "Sijambo." Mwezi Mei akaja yule binti aliyerudishwa ndani, sasa fundi cherehani mwenye watoto wake. Akavuta kiti. "Na wewe mwenyewe, mama, unaendeleaje?" Dada alilia sana. "Naogopa, mwanangu," alisema.

Mimi mdogo wake nilikuwa chumbani humo nakunja shuka. Nilikuwa nimemuuguza miezi minne na sikuwa nimemuuliza hilo hata siku moja.

Alifariki tarehe 2 Juni 2023, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, sisi wadogo zake, na mabinti tusiojua idadi yao.

Tukitoka hapa, shemeji ataulizwa habari za turubai na wageni. Naomba mngoje kidogo nje. Nitafunga mlango, nikae naye, nimuulize anaendeleaje.

Pumzika kwa amani, dada.