Mzee Clementi na Kitabu Kilichopotea Joshoni

Miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja. Hesabu hiyo si yangu, ni yake mwenyewe, na ameniagiza nisiipunguze hata siku moja. Bwana Clementi Wambura, mkutubi wa chuo chetu cha mifugo hapa Musoma, aliajiriwa tarehe 19 Aprili 1991 na anastaafu tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, muda wa kufunga ofisi. Aliyependekeza aondoke saa nne baada ya chai alijibiwa kwa macho tu.

Alizaliwa Butiama, na kazi yake ya kwanza chuoni ilikuwa ukarani wa stoo ya chakula cha mifugo. Stoo ilimlea. Huko alijifunza kwamba kitu kikitoka bila saini kimeibwa, na kwamba kikitoka kimoja, rafuni kimepungua kimoja. Mwaka 1996 alihamishiwa maktaba, akahama na daftari lake, kalamu zake mbili na sheria zote za stoo. Tangu siku hiyo chuo hakijapoteza kitabu hata kimoja, isipokuwa kile nitakachokieleza hapa chini, ambacho nacho hakikupotea.

Wafanyakazi wa zamani wanakumbuka vita vyake na simu. Zilipoanza kuenea, alitangaza kwamba mwenye simu itakayolia maktabani atafungiwa nje siku tatu. Jumanne moja ikalia ya kwake. Shemeji yake alikuwa akiulizia ng'ombe aliyepotea. Mzee Clementi alijiandika kwenye daftari la makosa, akatoa kiti nje, na kwa siku tatu alihudumia wasomaji kupitia dirishani. Siku ya pili mvua ilimkuta hapo hapo. Mkuu wa chuo alimsihi aingie, akakataa, kwa kuwa adhabu ilikuwa haijaisha.

Basi fikirini mwaka 2021, uongozi ulipoamua kwamba wanafunzi walioko fildi, yaani kwenye mafunzo kwa vitendo huko Bunda, Butiama na Murangi, wasome vitabu vya maktaba kwa simu. Mzee Clementi alikabidhiwa simu janja yenye vitabu mia mbili na kumi na viwili. Sisi tuliona mafaili. Yeye aliona stoo.

Sheria zikatoka wiki hiyo hiyo. Kitabu kimoja, msomaji mmoja, siku kumi na nne. Anayeazima anatumiwa kwa WhatsApp. Akimaliza, anamrudishia Mzee faili lile lile, anafuta lililobaki kwake, na anapiga picha ya skrini kuthibitisha. Asiyerudisha hasainiwi fomu ya kumaliza chuo. Mwingine akikitaka kitabu hicho hicho, apange foleni. Nakiri kwamba mimi Dorkas, msaidizi wake, nilijua fika kuwa faili halipungui rafuni. Nilimwambia mara mbili. Mara ya pili aliniuliza kama nimewahi kufanya kazi stoo.

Mambo yalichacha Agosti 2022. Kitabu cha magonjwa ya ng'ombe, kinachogombewa kuliko vyote, kilikuwa kwa Isaya, aliyekuwa fildi Nyasura, pale Bunda. Siku ya kuogesha ng'ombe simu ikamponyoka Isaya, ikazama joshoni kwenye maji ya dawa ya kupe. Alipotoa taarifa, Mzee Clementi alifungua daftari akaandika kwa wino mwekundu: KIMEPOTEA JOSHONI. Isaya akatakiwa alete kingine. Baba yake, mkulima wa pamba na mtu mwenye heshima zake, alizunguka maduka ya vitabu ya Bunda siku nzima akiulizia kitabu kilichozama ndani ya simu.

Nyuma ya Isaya kwenye foleni walikuwepo kumi na mmoja, na wa kwanza wao alikuwa Ghati Mwikwabe, aliyekuwa Murangi. Ripoti yake ilihusu ndigana kali, ugonjwa wa kupe uliokuwa unaua ndama wa pale. Ilitakiwa Ijumaa, akiikosa, anarudia mwaka. Jumatano aliandika kwenye grupu la wanafunzi wa fildi, na maneno yake nimeyatunza: “Shikamoo Mzee. Mimi sijawahigi kuchelewesha kitabu chako hata siku moja. Sasa simu ya Isaya imezama, mbona na mimi nazamishwa? Naomba hata kurasa za ndigana tu, Mzee wangu. Nikirudia mwaka, nyumbani nitawaambia nini?”

Mzee alisoma ujumbe ule mara tatu. Hana moyo wa jiwe, ila daftari lilisema kitabu hakipo, na kwake daftari halikuwahi kusema uongo. Alichukua nakala ya karatasi, ambayo kwa sheria yake haitoki maktabani, akaanza kuifunga kwenye mfuko aipeleke Murangi mwenyewe kesho yake. Nilimwonea huruma kweli, nikamwomba simu, nikaifungua. Kitabu kilichopotea joshoni kilikuwemo. Kilikuwemo mara tisa, maana kila mwanafunzi aliyekirudisha alikuwa ameongeza kingine.

Alikaa. Akavihesabu kwa kidole, akarudia. Mtu wa miaka hamsini na saba, aliyejenga jina lake juu ya daftari, angeweza kumtumia Ghati kimya kimya, na mambo yakaisha. Badala yake aliandika kwenye grupu, mbele ya wanafunzi arobaini na walimu sita: “Mimi Clementi Wambura nimekosea mwaka mzima. Kitabu hakijapotea. Isaya hana deni. Baba yake naomba anisamehe. Ghati, soma.” Akakiweka kitabu hapo hapo, wazi kwa wote, kisha akatoka nje kunywa maji.

Ghati alisoma, akaandika, akafaulu. Leo ni afisa mifugo Murangi, na ndiye anayewasimamia wanafunzi wetu wa fildi huko. Mwaka huu wako fildi sitini na watatu, na hakuna hata mmoja anayesubiri kitabu. Wakikwama wanauliza kwenye grupu, naye Mzee anajibu kabla sijavaa miwani: kitabu gani, sura gani, ukurasa gani.

Kwa utaratibu wa ofisi, mstaafu huondolewa kwenye magrupu yote ya kazi siku anapokabidhi. Tulipomuuliza anataka zawadi gani, tukitarajia ataje godoro au mtamba wa maziwa, aliangalia chini akasema hataki kitu, ila tusimtoe kwenye grupu la fildi. Nililia mbele ya watu wazima, na sioni haya.

Asante sana, Mzee wetu, na asante kwa mama Nyangi, mkeo, aliyetuazima wewe kwa miaka yote hii. Nenda Butiama kwa amani, ng'ombe wako wanenepe, na afya isikupungukie. Kuhusu grupu, uongozi bado unajadili. Ila mwenye mamlaka ya kumtoa mtu mle ni Ghati, na jibu lake limeshafika chuoni: hajui kitufe cha kumtolea mtu kiko wapi, na hana mpango wa kujifunza.