Mke wa Kwenye Kaseti

Kabla kahawa haijamiminwa, kosa la Modesti lisemwe, maana Mungu analijua tayari: alimwanika mkewe kijiweni, kisha akawasingizia Wamarekani. Padri mmoja Mmarekani, ambaye Modesti alimpikia misheni, alimwachia kaseti za vichekesho vya zamani vya redio, mambo ya mume na mke wa mji mdogo kama Sumbawanga hii. Kila asubuhi, kwenye benchi la Majengo, Modesti alibonyeza redio kaseti, Wazungu wakacheka, naye akawatafsiria wenzake. Kiingereza chake kilikuwa cha jikoni tu, hakikuvuka chumvi na sufuria. Palipomshinda alijazia mambo ya Otilia, mkewe. Habari zilipomfikia Otilia bombani, alimuuliza. Akajibu, "Ni kaseti, mama, si mimi." Leo ni siku ya tisa Otilia yuko Kasanga kwa dada yake.

— Wivu huo, alisema Clemens, muuza mitumba waliyemwita Soko Huria. Hataki mumewe acheke na sauti ya mwanamke mwingine.

— Wivu gani kwa bibi wa kwenye utepe? Flavian, fundi redio waliyemwita Daktari, alipuliza kikombe. Mule ndani kuna mlio, sikio la mwanaume haliupati. Mke akiusikia mara tatu, anafunga mzigo.

— Daktari, umeanza!

— Nimefungua redio ngapi mimi?

— Basi nisikilize, alisema Soko Huria. Hii ni biashara! Ndoa moja, sufuria moja, kitanda kimoja. Ivunje: sufuria mbili, vitanda viwili! Unadhani mipaka ya biashara ilifunguliwa bure?

Wakacheka. Modesti aliangalia machicha ya kahawa kikombeni. Jumapili kanisani hakuthubutu kupokea komunyo.

Akaja Shedrack, dereva wa lori la Kasanga, kunywa kimoja cha haraka.

— Kaa, mshikaji, umepitwa! alisema Soko Huria. Kuna mama mmoja Marekani, kila jioni anamtengea mkate mtoto wake aliyezikwa miaka minne iliyopita. Mume akiugusa, anachapwa mkono!

Daktari akajipiga paja. Shedrack hakucheka.

— Anaitwa nani huyo mama?

Daktari akamtazama Soko Huria. Soko Huria akamtazama Modesti. Miezi mitatu walikuwa wakimcheka, na hakuna aliyemjua jina.

— Mkalimani, si umtaje? alisema Soko Huria.

Modesti alikiweka kikombe benchini.

— Si mkate, alisema. Ni tonge la ugali wa ulezi.

Muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe.

— Kaka Shedrack, unashuka Kasanga leo? aliuliza Modesti.

— Nashuka sasa hivi. Ila dada yake kanikataza, nisibebe tena salamu zako.

— Si salamu, kaka. Naomba umwambie Otilia nilisema uongo. Hayo tu.