Samaki Waliovishwa Alama

Benchi la Mama Eduvina limeegemea ukuta wa bohari, hatua chache kutoka gati la Punta Arenas, upande ambao upepo unafika umechoka kidogo. Mwezi wa Novemba upepo wa mji huu humvua mtu kofia na adabu pamoja, kwa hiyo wanaume wasio na safari hukaa pale wakinywa kahawa na kula maandazi ya maboga. Wenyewe ni watatu. Nibaldo Mansilla ndiye serahangi, mkuu wa sitaha, mwenye misimu kumi na tisa kwenye bahari ya barafu. Oyarzo wanamwita Redio, kwa kuwa habari humfikia kabla hazijatokea. Wa tatu ni fundi mashine aliyesoma chuo miezi mitano akatoka na miwani tu, naye ndiye Profesa. Asubuhi ile meli yao, Santa Rufina, ilikuwa imenyimwa ruhusa ya kuvua kule kusini, zikiwa zimebaki wiki tatu msimu ufunguliwe.

— Soma tena pale wanaposema sisi waongo, Nibaldo alisema.

Redio akainua karatasi ya tume inayotoa ruhusa za uvuvi.

— Hawajasema waongo. Wamesema “takwimu za alama za meli hii hazikidhi matumizi ya kisayansi.” Hilo ni tusi, ila limevaa tai.

— Hazikidhi vipi? Nibaldo akafoka. Tuliambiwa samaki watano kwa kila tani, tukavalisha watano kwa kila tani. Mia mbili na kumi! Nimewashika kwa mikono hii hii. Unamtoa bakalao, samaki wetu wa kilindini, akiwa mzima, anapigwa vialama viwili mgongoni, anapimwa, anarudishwa kwao. Akinaswa mwakani, wataalamu wanapiga hesabu wanajua huko chini wamebaki wangapi. Kuna ugumu gani hapo?

— Sasa hapo ndipo mlipopigwa changa la macho, Profesa alisema. Nani kawaambia vile vialama ni vya kuhesabia?

— Ni vya nini?

— Vinasa sauti.

Mama Eduvina akasahau kumimina kahawa.

— Bakalao anaongea nini, Profesa?

— Si yeye, mama. Ni sisi. Samaki anakaa chini ya meli, anasikia nahodha akisema leo tunategea wapi. Mwakani wageni wanakuja na meli zao kubwa, wanakwenda pale pale. Bahati hiyo?

— Acha kutuzuga, Redio alisema. Nahodha wetu akiongea hata mimi niliye naye chumba kimoja simsikii. Tatizo ni nyangumi.

— Nyangumi kafanyaje?

— Hujawaona? Winchi ikianza kulia tu, hao! Anachomoa samaki kwenye ndoana mmoja mmoja, anakuachia midomo. Haya, niambie, Serahangi, katika vile vialama vyetu vyote vimerudi vingapi?

— Vinne.

— Vinne! Vingine viko wapi? Tumboni mwa nyangumi. Na yule nyangumi ni wa nani?

— Wa Mungu, Mama Eduvina akasema.

— Wa wavuvi wa uduvi! Wamemfuga. Wanataka sisi tufukuzwe, bahari yote ibaki yao.

— Nyangumi unamfuga wapi, wewe kichwa maji? Profesa akauliza.

— Wewe aliyekuuzia samaki mwenye kinasa sauti alikupa risiti?

Wakacheka, isipokuwa Nibaldo. Alikuwa na miaka sitini na minne. Daktari wa kampuni alishamwambia wazi kwamba mwakani magoti yake hayatapita vipimo, kwa hiyo msimu huu ulikuwa wa mwisho kwake, na aliutaka. Aliutaka mpaka alikuwa anaamka alfajiri kupaka mafuta buti ambazo hazikuwa na pa kwenda. Kunyang'anywa na bahari angeelewa, lakini si kunyang'anywa na karatasi.

Redio akatazama kushoto na kulia, kisha akatoa mfukoni barua iliyokunjwa mara nne.

— Basi tuache nyangumi. Hii nimeiandika jana. Kumi na mmoja wameshaweka sahihi. Kampuni ikiipeleka kwenye tume, kesi yetu inafunguliwa upya. Imebaki sahihi yako, na bila ya serahangi barua haina uzito.

Akasoma kwa sauti ya hakimu:

— “Sisi mabaharia wa Santa Rufina tunathibitisha kwamba mwangalizi Milena Vrsalovic ndiye aliyechagua vibaya samaki wa kuvishwa alama, na ndiye aliyeharibu takwimu.”

Wote walimjua Milena, binti wa mpiga picha wa mtaa wa juu. Msimu uliopita alikaa nao melini siku hamsini na tatu kwa niaba ya wataalamu, akiandika kila kitu kinachotoka majini, kwa penseli, maana wino ulikuwa ukiganda.

— Yule binti mimi sikumwamini tangu mwanzo, Profesa alisema. Mtu gani hatapiki siku ya kwanza?

— Alikuwa anaandika mno, Redio akaongeza. Nikipiga chafya, anaandika. Kuna mtu alikuwa anampelekea zile kurasa.

— Na chai alikuwa hatii sukari.

— Umeona? Mtu aliyetumwa!

— Barua hii ikifika, yeye itakuwaje? Mama Eduvina akauliza.

— Hapandi meli tena, basi. Atatafutiwa kazi ya kuhesabu kondoo. Kondoo hawazami, atafurahi.

Nibaldo akakamata kalamu. Naye alikuwa amemshuku Milena, tena kwa muda mrefu. Kila mara alipogeuka sitahani alimkuta nyuma yake na ubao wake wa kuandikia, uso mwekundu kwa baridi, anasubiri jambo. Mtu anayekusubiri hivyo lazima ana lake.

— Weka hapo chini, Redio akamwonyesha kwa kidole.

— Samahanini jamani, Santa Rufina inaondoka au haiondoki?

Aliyeuliza alikuwa mwanamke wa makamo aliyebeba visu vyake kwenye kitambaa kilichoviringishwa. Akajitambulisha: Fresia Barría, mpishi mpya, ametokea Calbuco, na ofisini kila mtu anamtuma kwa mwenzake.

— Itaondoka, dada, tukishamaliza jambo dogo hapa, Redio alisema. Mama, mpe kahawa mpishi wetu.

Profesa akamweleza habari ya alama na ya tume, na vinasa sauti akavitia humo humo. Fresia akasikiliza huku akipuliza kikombe.

— Mimi samaki namjua akiwa kwenye sufuria tu, alisema. Hao mliowavalisha walikuwa wa ukubwa gani?

— Wadogo wadogo, Redio akajibu bila wasiwasi. Kilo sita, kilo saba. Unamdaka, unamvalisha, unamtupa. Yule wa kilo hamsini unamrudishaje baharini, dada? Yule ndiye safari yenyewe!

— Na mliowaleta nyumbani?

— Mababu! Kilo arobaini, hamsini, mpaka sitini.

— Kumbe mliwavalisha watoto, mkavua wazee. Sasa wataalamu watajuaje wazee wamebaki wangapi?

Profesa akavua miwani akaanza kuifuta, ingawa haikuwa na uchafu.

— Na huyo binti kwenye barua, Fresia akaendelea kwa upole, maana alitaka kuelewa tu, ndiye aliyekuwa anawatoa majini na kuchagua?

Mama Eduvina alimtazama Nibaldo, na wengine wakatazama gati.

Kwenye meli ile, samaki kabla hajafika kwenye meza ya alama anapita mkononi mwa serahangi. Kulikuwa na machela ya turubai ya kunyanyulia wale wakubwa bila kuwaumiza, na ni Nibaldo aliyeyakunja siku ya pili akayafungia stoo, kwa sababu yalichelewesha winchi. Milena alikuja mara tatu. “Mzee Nibaldo, naomba na wakubwa.” Mara ya tatu alimjibu mbele ya watu wote, “Binti, samaki ni samaki, andika!” Sitaha nzima ikacheka. Naye akarudi kwenye meza yake, akaandika urefu wa kila mtoto wa samaki aliyepewa, kama ulivyo. Hao wakubwa ndio aliokuwa akiwasubiri nyuma ya Nibaldo siku zote hamsini na tatu. Nibaldo aliona aibu, aibu ya kumchoma masikio katika baridi ile, na hakuwa na nyangumi wa kumsingizia.

Akaikalisha barua kwenye goti. Akakata jina moja, akaandika jingine juu yake kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kalamu, kisha akaweka sahihi chini, chini ya zile kumi na moja.

— Umesahihisha nini? Redio akauliza.

— Soma.

— “Sisi mabaharia wa Santa Rufina tunathibitisha kwamba serahangi Nibaldo Mansilla ndiye...” Akaishusha barua. Serahangi, hii wakiisoma hukanyagi tena sitaha. Hata ya kivuko!

— Najua, Nibaldo alisema, akanyoosha mkono. Nipe niipeleke mwenyewe.