Swali la Tano

DADA: Haloo? Ni mwalimu huyo?

MWALIMU: Ndiye. Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

DADA: Namba huijui, na sauti ya dada yako je? Simu yangu imeisha chaji, nimeazima ya mwenzangu hapa kazini.

MWALIMU: Ah, dada. Shikamoo.

DADA: Marahaba. Watoto hawajambo? Na wifi yangu?

MWALIMU: Wazima wote. Kuna nini asubuhi hivi? Mama yuko salama?

DADA: Mama kaamka anagomba, kwa hiyo ni mzima. Nina jambo dogo tu, na naona haya hata kukuuliza. Uko darasani?

MWALIMU: Ofisi ya walimu, nasahihisha.

DADA: Wenzako wapo?

MWALIMU: Wawili watatu. Ngoja nitoke... Haya, niko kibarazani. Sema.

DADA: Yule mama msimamizi wetu wa chumba cha pasi anastaafu. Meneja wa hoteli katoa fomu, anayetaka nafasi yake ajaze, irudi leo kabla ya saa sita.

MWALIMU: Na wewe unaomba?

DADA: Mbona umeshtuka?

MWALIMU: Sijashtuka. Nimefurahi.

DADA: Haya. Jina nimejaza. Miaka ya kazi nimejaza, kumi na tisa. Nimefika swali la tano nimekwama. Karani alitusomea kwa Kiingereza, wote tukatikisa vichwa kama tumeelewa. Nami nikatikisa. Sasa nimejificha huku kwenye mashuka nakupigia wewe.

MWALIMU: [anacheka] Swali lenyewe linasemaje?

DADA: Kuna neno humo. Ambition.

MWALIMU: Basi ni rahisi. Wanauliza malengo yako. Ambition ni ile hamu ya kufika mbali, halafu unakaza buti kuifuata. Si kutamani tu ukiwa umelala.

DADA: Hamu ya kufika mbali. Na linatumikaje? Nipe mfano, kama unavyowapa watoto wako darasani.

MWALIMU: Unaweza kusema, kijana huyu ana ambition, anataka kuwa rubani. Au, ambition yangu ni kufungua duka. Ni sifa nzuri, dada, mwajiri huipenda.

DADA: Na kama mtu hana?

MWALIMU: Hana vipi?

DADA: Hana hiyo ambition. Mnasemaje?

MWALIMU: Mnasema tu... has no ambition.

DADA: Ni tusi?

MWALIMU: Si tusi hasa. Ni kama kusema mtu karidhika na alipo. Hajitumi. Hana—

DADA: Hana nini?

MWALIMU: [mtandao unakwaruza] Haloo? Dada, unakatika.

DADA: Mimi nakusikia vizuri.

MWALIMU: Mtandao wa huku—

DADA: Mdogo wangu, unanisikia.

MWALIMU: Nakusikia.

DADA: Nilikuwa nachuja chai jikoni kwako. Jumapili ile mlipokuwa na wageni, wale walimu wenzako na wake zao. Mmoja aliuliza kwa nini mpaka leo niko kwenye pasi. Ukajibu kwa Kiingereza, wakacheka kidogo, kwa adabu. "My sister" naijua. "No" hata mtoto anaijua. Nilikosa lile moja la mwisho.

MWALIMU: Dada.

DADA: Nikalishika kwa sauti yake tu. Wiki tatu nimetembea nalo. Nilidhani labda umesema sina mume, au sina afya. Leo karani kasoma swali la tano nikalitambua. Nikasema, kumbe lile ni hili.

MWALIMU: Sikuwa na nia mbaya, haki ya Mungu. Nilikuwa najitapa mbele ya watu. Ujinga tu.

DADA: Wala sikukupigia ili tugombane.

MWALIMU: Gomba. Afadhali ugombe.

DADA: Unakumbuka yale madaftari yangu ya darasa la saba? Nilipoacha shule ili wewe usome, yalibaki na kurasa tupu nyuma. Ulifuta jina langu juu ukaandika lako.

MWALIMU: Nakumbuka.

DADA: Mimi ndiye niliyekupa kifutio. Basi. Nilidhani unajua mwenyewe nilichokuwa nakitaka.

MWALIMU: Nilijua. Hapo ndipo aibu inaponiua. Niliposema yale nilikuwa najua.

DADA: Usilie kibarazani, wanafunzi watakuona.

MWALIMU: Sikiliza, nikuandikie jibu. Nakutajia, wewe unaandika. Kiingereza kizuri, meneja atashangaa.

DADA: Hapana.

MWALIMU: Dada, niachie angalau hilo.

DADA: Nitaandika Kiswahili. Nataka kusimamia chumba hiki, nijue nani apumzike mgongo na nani asimame kwenye mvuke. Wakiona halitoshi, basi. Ila kuna swali la sita.

MWALIMU: Lipi?

DADA: Mtu anayenifahamu, apigiwe simu kuulizwa habari zangu. Nimeandika namba yako.

MWALIMU: Yangu? Baada ya—

DADA: Nilishaandika kwa wino kabla sijakupigia. Sina mwingine mwenye kazi ya maana. Usiweke simu mbali.

MWALIMU: Watauliza nini?

DADA: Karani anasema watauliza hilohilo la tano. Kama dada yako anayo au hana.

MWALIMU: Nitawaambia. Nitawaambia kila kitu, na madaftari—

DADA: Madaftari yaache. Jibu swali. Haya, mwenye simu kasimama mlangoni ananikodolea macho, dakika zake zinakwisha.

MWALIMU: Dada, subiri, nisamehe kwanza. Sema umenisamehe.

DADA: Saa sita, mwalimu. Na meneja huyu ana mtindo wake, anampigia mtu mbele ya mwombaji, simu kaiweka mezani sauti juu. Kwa hiyo ujue nitakuwa nimekaa palepale, nasikia.

MWALIMU: Dada—

DADA: Na safari hii maneno yote nayajua. Msalimie wifi.

MWALIMU: Dada? Haloo?