Kamba ya Mkonge Hadi Langoni: Kumuaga Simeon Theuri

Tarehe thelathini na moja mwezi huu wa Agosti, Bwana Simeon Theuri atatundika msumeno wake baada ya miaka ishirini na tisa ya kujenga nyumba ambazo hakuna mtu aliyewahi kulala ndani yake. Ametujengea nyumba za wachumba, za machifu, za wajane, na kituo kimoja cha polisi ambacho kule Kenol kiliwatisha watu hadi viti vya mbele vikabaki vitupu. Kazi yake katika Kikundi cha Maigizo cha Mlima, hapa Nyeri, ilikuwa kubuni na kujenga mandhari ya jukwaa. Ukiwahi kuketi katika ukumbi wetu ukasahau kwamba ukuta ule ni plaiwudi, ni yeye aliyekusahaulisha.

Kamati ya sherehe imenipa kurasa mbili za programu hii pamoja na onyo: nisiwalize wageni kabla ya chakula. Mimi ni Mwanaisha Fuad, nashona maleba ya waigizaji, na karakana yangu imetenganishwa na ya Theuri kwa ukuta wa mbao usiozuia hata kikohozi. Yeye huniita Mama Ummi, mimi humwita Baba Mwai, na tumekunywa chai pamoja tangu binti yangu Ummi alipokuwa akinyonya. Nitajitahidi kuchangamka. Nikishindwa, kamati ijilaumu yenyewe kwa kumpa kazi hii mtu asiyejua kuficha.

Theuri alikuja kwetu kutoka Tetu akiwa seremala wa majeneza. Hilo hajawahi kulionea haya. Alipenda kusema kwamba alihamia jukwaani kwa sababu huku wateja wake huinuka mwishoni, wakashikana mikono na kuinama mbele ya watu.

Wageni waliozoea kuona pazia likifunguka huenda hawajui kazi yenyewe huanzia wapi. Theuri akipewa mchezo mpya, aliusoma mara mbili. Mara ya kwanza alisoma maneno kama sisi sote. Mara ya pili alisoma miguu tu: nani anaingia, anatokea wapi, anaondoka kwa hasira au kwa kunyata, na akitoka anakwenda wapi. Kisha alifunga safari hadi mahali panapofanana na pale panaposimuliwa, akaketi. Kama mchezo ulikuwa wa jikoni, aliketi jikoni kwa mtu hadi macho yakamtoka machozi kwa moshi. Akirudi alijenga nyumba ndogo ya katoni ndani ya boksi la viatu, akaweka watu wa njiti za kiberiti, na hapo ndipo vita na mwelekezi wetu, Bwana Wamae, vilipoanza.

Vita hivyo vilihusu jambo moja kila mara. Wamae alipenda ukuta mzima nyuma ya waigizaji, ukuta usio na kitu, eti unapendeza. Theuri hakukubali. Kila chumba chake kilikuwa na mlango wa kuingilia na mwingine wa kutokea, hata kama mchezo haukuutaja. Namkumbuka ameinamia boksi la viatu, njiti mkononi, akimwambia Wamae: "Huyu mtu ameingia. Sasa anatoka wapi? Kama hatoki, hii si nyumba, hii ni jeneza. Na hiyo kazi nilishaacha." Wamae alinung'unika, akakubali shingo upande, na milango yote miwili ikajengwa.

Jambo la pili ambalo watu wa kikundi hiki hawatalisahau ni zoezi la giza. Kati ya onyesho na onyesho taa huzimwa, na mwigizaji ana muda mfupi sana wa kuondoka bila kugonga meza. Kwa hiyo Theuri aligongomea kamba ya mkonge sakafuni, ukanda mwembamba ambao mtazamaji hauoni lakini mguu unausikia. Penye ngazi aliweka kipande cha gunia. Penye mlango aliweka mafundo. Siku ya mwisho ya mazoezi kila mmoja alifungwa kitambaa cheusi usoni, kitambaa changu, akatembea peke yake kutoka mlango hadi mlango. Griffins, ambaye ni mwigizaji wetu mahiri na anajua hivyo, aliwahi kukataa akisema yeye analijua jukwaa kama kiganja chake. Usiku wa kwanza wa mchezo alitumbukia ndani ya ngoma kubwa ya wanamuziki. Tangu hapo alikuwa wa kwanza kunijia kufungwa kitambaa.

Na kule Othaya, mama mmoja alimsubiri Theuri baada ya mchezo, akamkemea kwa sababu chai aliyoichora nyuma ya nyumba ilikuwa imekomaa na hakuna aliyekuwa akiichuma. Theuri aliomba radhi. Onyesho lililofuata alichora vikapu.

Hadi hapo nimetii kamati. Yanayofuata niliyaombea ruhusa kwa Theuri, naye akanituma kwa mwanawe Mwai, kwa kuwa ndiye mwenye mambo. Mwai aliniambia, "Andika tu, Auntie. Kwani nani hajui?" Basi naandika.

Mwaka juzi tuliombwa mchezo kuhusu pombe haramu, wa kuzungushwa katika miji ya huku mlimani. Mandhari ilikuwa moja tu, banda la chang'aa. Sote tulimtazama Theuri, kwa maana tulijua kwamba Mwai, kifungua mimba wake, alikuwa amezama katika pombe hiyo tangu alipoachishwa kazi. Theuri alikuwa amemwokota mitaroni mara nyingi, lakini hakuwa ameingia hata mara moja katika banda alimokuwa akinywea. Wamae alimwambia kazi hii anaweza kuiacha. Yeye akasoma maneno, akasoma miguu, kisha akaenda kuketi, kama ilivyokuwa desturi yake.

Aliketi katika banda lile lile, kule bondeni chini ya shamba lake. Mwai alikuwemo. Alimwona baba yake anaingia na kamba ya kupimia mkononi, akainuka, akatokea mlango wa nyuma. Hakurudi nyumbani siku hiyo, wala mwezi huo, wala uliofuata. Nilimwona Theuri akijenga huku moyo wake ukiwa barabarani. Kila tulipokwenda mjini alitazama nyuso za wabeba mizigo.

Banda alilolijenga lilinichukiza. Benchi la mabanzi, pazia la gunia mlangoni, mabati yaliyopakwa masizi, mtungi wa manjano wenye mdomo uliokatwa. Hata harufu aliitengeneza, kwa molasi na uji uliochacha, kwa sababu alitaka waigizaji waikumbuke miilini mwao. Ilifanya kazi. Nilifua maleba yale hadi mikono ikachubuka na harufu ikakaa.

Othaya tulicheza uwanjani, karibu na soko. Tulisimamisha banda jioni, tukarudi asubuhi kumalizia. Jua lilikuwa limeshapanda na wauzaji wa kabeji walikuwa wakipanga mafungu. Ndani ya banda letu tulimkuta mtu ameketi kwenye benchi, amenyoosha mkono kama anayepokea glasi. Griffins akacheka, akasema tumepata mtazamaji wa mapema. Yule mtu akageuza uso upande wetu, akasema kwa upole, "Mama, washa taa. Mbona mmezima taa?"

Theuri alikuwa nyuma ya mabati, misumari mdomoni. Aliijua ile sauti.

Tulielewa baadaye. Usiku ule watu wengi walikunywa pombe yenye sumu katika eneo lile, Mwai akiwa miongoni mwao. Macho yalipoanza kumzimika alipapasa njia akifuata harufu, akashika pazia la gunia, akaingia, akapata benchi mahali benchi linapokaa siku zote. Aliketi katika plaiwudi ya baba yake akidhani yuko bandani, akingoja mama muuzaji amhudumie. Wiki hiyo kulizikwa watu ambao walikunywa naye. Mwai aliishi. Macho hayakurudi.

Tulicheza mchezo alasiri ile kwa sababu watu walikuwa wamefika. Griffins alikuwa na kipande chake cha kuchekesha, anapapasapapasa akitafuta glasi. Hakukifanya. Aliketi kimya upande mmoja wa benchi, na sisi wengine tukafuatisha. Sijui kama tulicheza vizuri. Najua kwamba Theuri alikuwa hospitalini ameshika tama, na kwamba alijuta kila ubao alioupiga randa. Tulimwambia asijilaumu. Maneno hayo ni mepesi mdomoni mwa mtu ambaye mwanawe anaona.

Aliporudi kazini alikuwa akiomba mabaki ya kamba ya mkonge. Hatukuuliza. Ni mkewe, Njoki, aliyenieleza nilipokwenda Tetu kuwajulia hali: Theuri alikuwa akigongomea sakafu nyumbani. Kamba ilitoka kitandani kwa Mwai hadi mlangoni, ikashuka uani kwa vigingi hadi kwenye tangi la maji, hadi chooni, hadi zizini. Penye ngazi, gunia. Penye mlango, mafundo. Kabla ya kumruhusu Mwai, alijifunga kitambaa changu cheusi akatembea yeye kwanza, na penye hori la ng'ombe akaanguka kifudifudi, mzee mzima. Mwai alisikia kishindo na matusi ya Kigikuyu yaliyofuata, akacheka. Njoki alisema alikuwa amesahau mwanawe anacheka vipi.

Lakini kamba haikufika langoni. Njoki ndiye aliyekataza, na mimi nilimuunga mkono kwa sauti. Nje ya lango kuna njia inayoteremka bondeni, na kule bondeni banda lingali wazi. Lilibomolewa, likajengwa tena. Mwai alikuwa hajanywa tangu Othaya. Mimi nilisema wazi kwamba Mungu amemfungia mlango mmoja na wazazi wafunge wa pili, na leo bado sina hakika kwamba nilikosea.

Kisha siku moja Mwai alifuata kamba zote, akarudi hadi katikati ya ua, akauliza, "Baba, na ya kutoka iko wapi?"

Theuri alikuja kazini akiwa amenyong'onyea, akakata mbao zisizohitajika. Mwezi uliopita alibisha ukutani kwangu, akaomba bunda la mwisho la mkonge. Nilijua la nini, nikamkasirikia. Nilimwambia anamtengenezea mtoto njia ya kaburini kwa mikono yake mwenyewe. Hakubishana. Alisema tu, "Mama Ummi, nikimfungia nimejenga jeneza. Na hiyo niliacha." Nikampa bunda. Nililia baada ya yeye kutoka, na ukuta wetu, kama nilivyosema, hauzuii kitu.

Hii ndiyo sababu ya kustaafu kwake, ikiwa mlisikia nyingine. Kikundi kilimwomba abaki kwa mkataba, Wamae akamwahidi milango mingi kadiri atakavyo, na yeye akakataa. Anataka kuwa nyumbani.

Jumamosi iliyopita Mwai alifuata kamba hadi kwenye mafundo ya mwisho, akapapasa komeo, akafungua, akatoka. Theuri alikuwa zizini akikamua. Hakuinuka. Njoki anasema aliendelea kuvuta chuchu muda mrefu baada ya maziwa kuisha, hadi ng'ombe akapiga teke. Giza lilipokaribia lango lililia, na miguu ikaja taratibu juu ya mkonge. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Baba yake hakumnusa mdomo. Alimsogezea kiti, akamkaribisha chakula. Jumapili Mwai akatoka tena.

Baba Mwai, wenzako tulikuwa tumepanga kukupa saa ya ukutani. Tumeghairi. Leo utapewa mabunda ya mkonge, magunia, misumari, na kitambaa changu cheusi ambacho sasa ni chako. Asante kwa kila nyumba, na kwa milango yake yote miwili. Sisi hatuwezi kukuahidi lolote kuhusu lile bonde. Tunachokutakia ni hiki: uishi miaka mingi katika ua ule, na kila jioni, kabla ya kufunga zizi, uisikie ile kamba ikikanyagwa na mtu anayerudi.

Mwanaisha Fuad
Idara ya Maleba